Pikipiki ya safari ikiyumba, msianze na shokapu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua, maana kuna jambo linaniuma muda mrefu sasa na sijaona mtu analiandika vizuri kwa Kiswahili. Nazungumzia zile pikipiki kubwa za safari za zamani, zenye kioo kipana mbele na masanduku nyuma, ambazo nyingi zimeshapita mikono ya watu wawili watatu kabla hazijamfikia anayeziendesha leo. Mwenye nayo akisema tu jamani pikipiki yangu inayumba, majibu anayopewa ni mawili, badilisha shokapu au iuze hiyo imeshazeeka, basi. Anabadilisha shokapu, hela inakwenda, anarudi barabarani na pikipiki inayumba vilevile, hapo sasa ndo anakata tamaa kabisa na kuiuza kwa bei ya kutupa. Na tatizo lenyewe pengine lilikuwa upepo wa tairi, au beringi ambayo ungeigundua kwa mikono yako miwili bila hata kushika spana.

Mimi nasema hivi, kabla hujagusa kitu chochote jiulize swali moja tu: inayumba LINI? Fundi asiyekuuliza hilo swali na ameshaanza kufungua bolti, mzuie. Kwa sababu kuyumba kuna aina zake, na kila aina ina pale inapotokea, spidi yake na hali yake, na ukishajua inatokea lini umeshapunguza kazi kwa zaidi ya nusu.

Kuna ile ya usukani kutetemeka kwa haraka haraka kushoto kulia, mara nyingi ukiwa unapunguza mwendo kwenye 80 kushuka mpaka kama 60 kwa saa na mikono yako imeshika kwa ulaini. Hiyo ni ya mbele. Tairi ya mbele iliyolika vibaya, balansi ya rimu, au beringi za shingo ya usukani, anzia hapo. Afu kuna ile nyingine ya taratibu, pikipiki nzima inajinyonganyonga kama mara mbili tatu kwa sekunde, unaisikia kiunoni kuliko mikononi, inakuja ukiwa kwenye mwendo mkubwa, 110, 120 na kuendelea, hasa ukiwa na mzigo au upepo wa pembeni au umelipita lori. Hiyo asili yake mara nyingi ni nyuma: tairi ya nyuma, mkono wa nyuma unaobeba gurudumu, shokapu za nyuma, na zaidi ya yote jinsi ulivyopakia. Watu wanazichanganya hizi mbili kila siku, mtu ana tatizo la nyuma anabadilishiwa vitu vya mbele, itapona saa ngapi?

Na hapa naomba niseme kwa nguvu, kuna watu wanashauri eti ukitaka kujua kama usukani unatetemeka achia mikono yote miwili kwenye 80 uone. Tafadhali msifanye hivyo. Pikipiki kama Honda Gold Wing GL1500, ile ya silinda sita iliyotengenezwa kuanzia 1988 mpaka 2000, ina kilo kama 360 kabla hujajaza tanki na kabla hujapanda wewe na abiria wako. Usukani wa chombo kizito namna hiyo ukianza kupiga kushoto kulia kwa nguvu sio kitu cha kukijaribu. Legeza tu mshiko, utasikia mtetemo kwenye viganja, inatosha kabisa. Na ikikutokea kweli barabarani usibane usukani kwa nguvu na usipige breki ghafla, achia mafuta taratibu, bana tanki kwa magoti, inama mbele kidogo uzito uende mbele, iache itulie yenyewe.

Sasa tuanze chini, na chini ni tairi. Upepo upimwe asubuhi tairi ikiwa baridi, sio baada ya kutembea, tena kwa geji unayoiamini. Pikipiki nyingi za safari zikiwa na mzigo zinataka kama 36 mbele na kama 42 nyuma kwa psi (kipimo cha upepo kinachosomeka kwenye geji) lakini namba ya kufuata ni ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki yako au kitabu chake. Tairi ya nyuma ikipungua psi nane au kumi tu, na sanduku limejaa, pikipiki nzima inakuwa laini na inakokota, utaapa shokapu zimekufa. Halafu soma tarehe ya tairi, zile tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Pikipiki za safari za zamani zinakaa sana ndani, kwa hiyo tairi inaweza kuwa na meno mazuri kabisa lakini raba imeshakuwa ngumu, haishiki barabara, haifyonzi kitu. Mwenye nayo anaangalia meno anasema tairi mpya hii.

Kitu kingine, pitisha kiganja juu ya tairi ya mbele ukiizungushia upande mmoja, halafu rudi upande wa pili. Ukienda huku ni laini na ukirudi huku unasikia vijino vinakwaruza kiganja, hiyo tairi imelika kwa mawimbi, na mawimbi hayo ndo yanakuletea ule mtetemo wa usukani na ule mlio wa kuunguruma ukiinama kwenye kona. Ila sasa hapa ndo pana mtego. Tairi hailiki hivyo bila sababu, mara nyingi ni upepo mdogo wa muda mrefu au shokapu za mbele zilizochoka ambazo zinaiacha tairi idundedunde barabarani badala ya kuikandamiza. Unafunga tairi mpya, pikipiki inakuwa tamu, unafurahi, unasema imepona, baada ya kilomita elfu kadhaa ugonjwa unarudi uleule. Tairi mpya inaficha ugonjwa. Kwa hiyo tairi ya zamani kabla hujaitupa isome kwanza, ina habari zote. Ile ya nyuma ikiwa imelika katikati imekuwa bapa kwa sababu ya barabara ndefu zilizonyooka, utaona pikipiki inagoma kulala kwenye kona halafu ghafla inaanguka ndani, hiyo nayo watu wanaita shokapu.

Nikija kwenye beringi za shingo ya usukani, hapa nitakaa kidogo maana kwa pikipiki za umri huu ndipo nyingi zinapoumwa. Weka stendi kubwa, nyanyua mbele mpaka gurudumu lielee (jeki chini ya injini na kipande cha mbao katikati, na mtu wa kukushikia), halafu shika usukani kwa vidole viwili tu na uzungushe polepole sana kutoka kushoto mpaka kulia. Usiharakishe. Ukifika katikati kabisa, pale gurudumu linapoangalia mbele, sikiliza kwa vidole. Kama usukani unaingia kwenye kishimo kidogo na unataka kubaki humo, tk, beringi zimekwisha. Sababu yake ni rahisi, pikipiki ya safari maisha yake yote inakwenda moja kwa moja, gololi zinakaa sehemu ileile ya kikombe (ile pete ya chuma zinamozunguka), kila shimo la barabarani linazigonga palepale, grisi inasukumwa pembeni au imekauka kwa miaka, na mwisho kila gololi inajichimbia kashimo kake. Matokeo yake barabarani ni kwamba pikipiki haitaki kwenda mstari mmoja, unarekebisha kidogo inapita, unarudisha inapita tena, saa nzima unapigana nayo na mabega yanauma, na mtu wa nyuma anaona unatembea kama mlevi. Hakuna shokapu duniani itakayoponya hiyo.

Bado gurudumu likiwa linaelea, kaa chini mbele ya pikipiki, shika miguu ya shokapu chini karibu na ekseli na uvute kuja kwako na kusukuma kwenda. Ikigonga au ukisikia mchezo, beringi zimelegea, na hizo ndo zinazotoa ule mlio wa kok ukishika breki ya mbele kwenye foleni. Ila usihukumu haraka, breki nazo zina mchezo wake na diski zinazoelea zinagonga pia, kwa hiyo teremsha pikipiki chini, shika breki ya mbele, sukuma mbele nyuma na mtu mwingine aweke kidole pale kati ya shingo ya fremu na kipande cha juu kinachoshika shokapu. Kidole kikisikia mchezo hapo, ni beringi. Kisiposikia kitu, tafuta kwingine. Na sio kukaza tu nati mpaka mwisho jamani! Beringi iliyokazwa kupita kiasi inaleta kuyumba kwenye mwendo mdogo, kwa sababu usukani haupo huru kujirudisha wenyewe. Gololi zilizokwisha chimba vikombe hazikazwi, zinabadilishwa pamoja na vikombe vyake, na wengi wanafunga zile beringi za roli, zenye vipande virefu vyembamba upande mmoja badala ya gololi, ambazo zinadumu zaidi, ila baada ya kutembea kidogo zinatakiwa kukaguliwa tena maana zinajikalisha.

Tukienda nyuma. Gurudumu la nyuma likielea shika ule mkono wa nyuma wenyewe, sio tairi, mwisho wake kabisa, na uusukume kushoto kulia kwa nguvu huku unaangalia pale ulipofungwa kwenye fremu. Ukicheza hapo, hata mchezo mdogo tu, ndo huo unaojinyonga kwenye 120, kwa sababu milimita moja kwenye mhimili inakuwa milimita nyingi huku kwenye tairi. Sehemu hii inasahaulika sana, grisi haijawahi kuguswa tangu kiwandani, na kwenye pikipiki za shafti (zisizotumia mnyororo) kuifikia ni kazi kwa hiyo mafundi wengi wanairuka. Kama mkono haujacheza ila tairi inacheza ukiishika juu na chini, basi ni beringi za gurudumu, hizo ni rahisi. Bushi za shokapu pale zinapofungwa nazo zitazame.

Baada ya yote hayo ndo tufike kwenye shokapu, na hapa kuna mkanganyiko mkubwa ambao ningependa gazeti lenu liusaidie kuuondoa. Ndani ya shokapu kuna kazi mbili tofauti. Springi inabeba uzito. Oili inaituliza springi isidunde. Mtu shokapu yake imekufa oili, pikipiki inadunda mara tatu nne baada ya kila tuta, anaambiwa kaza springi. Anakaza. Sasa springi imekuwa na nguvu zaidi ya kurudi na hakuna kitu cha kuituliza, inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Kaa juu ya siti, isukume chini kwa nguvu na uachie, inatakiwa ipande, itulie, basi. Ikipanda ikashuka ikapanda tena, oili ndo imekwisha kazi, kukaza springi hakusaidii, hiyo shokapu ni ya kufunguliwa na kufanyiwa upya kama inafunguka, au kubadilishwa kama imefungwa moja kwa moja kiwandani. Na ujue kwamba jaribio hili la mkono linakuonyesha iliyokufa kabisa tu, iliyochoka nusu itakudanganya ukiwa umesimama na itajionyesha ikishapata joto baada ya saa moja ya barabara mbovu, pikipiki asubuhi nzuri mchana inaelea.

Springi nayo ina kipimo chake na hakuna haja ya kubahatisha. Pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa gurudumu la nyuma likining'inia, pima kwa futi kutoka kwenye ekseli kwenda juu mpaka alama yoyote kwenye bodi, tuseme 600 mm. Toa stendi, panda na nguo zako za safari na mzigo wako wa kawaida, mtu apime palepale, tuseme 565. Imeshuka 35 mm. Kwa pikipiki za aina hii 30 mpaka 40 ni pazuri, takribani theluthi moja ya mwendo wote wa shokapu. Ikishuka 60, nyuma imekaa chini, mbele imenyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na taa inamulika miti, na kuyumba kwenye mwendo mkubwa hakutaisha. Hapo ndo unakaza springi. Ukikaza mpaka mwisho na bado inashuka sana, springi imechoka au haikutengenezwa kwa uzito unaoupakia.

Zile zenye shokapu za upepo, mfano Gold Wing GL1100 ya mwaka 1980, upepo ndo unafanya kazi ya kusaidia springi, na kabla hujasema lolote upime. Tumia pampu ya mkono, kamwe usitumie kompresa ya gereji kwenye shokapu za mbele, nafasi ya ndani ni ndogo mno, mpigo mmoja tu unapitiliza na sili (zile raba zinazozuia oili isitoke) zinapasuka. Na kama kila mguu una valvu yake, upepo uwe sawasawa pande zote mbili. BMW zenye mfumo wa Telelever kama R1100RT ni habari nyingine, mbele kuna shokapu moja katikati na hazizami ukishika breki kwa namna zilivyoundwa, kwa hiyo usizipime kwa kuangalia zinavyozama na wala usizihukumu kwa jaribio la shingo nililoeleza juu bila kusoma kitabu chake.

Shokapu za mbele za kawaida, oili yake inasahaulika kuliko oili yoyote kwenye pikipiki. Ya injini mtu anamwaga kila mara, hii imekaa humo miaka kumi. Ukiimwaga inatoka ya kijivu, nzito chini nyepesi juu, ina ungaunga wa chuma na inanuka samaki aliyeoza. Kila miaka miwili mitatu ibadilishwe, na kiwango chake kinapimwa springi zikiwa nje na shokapu imebanwa chini kabisa, pande zote mbili ziwe sawa kwa milimita. Ukiona pikipiki inazama haraka ukishika breki na inagonga mwisho, mara nyingi ni hapo tu. Halafu pitisha ukucha taratibu kwenye bomba linalong'aa, pale linapoingia kwenye sili. Ukucha ukikwama kwenye kipele hata kidogo kama punje ya chumvi, hicho ndo kinachokata sili, na utabadilisha sili mpaka uchoke usipolishughulikia bomba. Oili inayovuja hapo inashuka kwenye breki, pedi zikishalowa oili hazifai tena, kwa hiyo hili sio la kusema nitalitengeneza nikirudi safari.

Kuna kadogo kengine wanakakosa mafundi wengi. Baada ya kurudisha gurudumu la mbele, kabla hujakaza bolti zinazobana ekseli chini, shusha pikipiki, shika breki na uidundishe mbele mara kadhaa, miguu ya shokapu ijipange sambamba, ndo ukaze. Usipofanya hivyo miguu inabanana, shokapu inakuwa inakwama kwama kwenye mashimo madogo na mtu anasema springi ni ngumu.

La mzigo nimelisogeza mwisho lakini kwa kweli lingekuwa la kwanza kwa anayeyumba kwenye mwendo mkubwa. Toa sanduku la juu, panda peke yako, rudi barabara ileile mwendo uleule. Ikitulia, umepata jibu bila kufungua bolti hata moja. Lile sanduku limekaa juu na nyuma ya ekseli, kila kilo unayoweka humo inanyanyua gurudumu la mbele, na watu wanaweka humo zana, maji, kompyuta, viatu. Masanduku mengi yana kibandiko ndani kinachosema kilo mwisho ngapi, na namba yenyewe ni ndogo kuliko unavyodhani. Vizito viende kwenye masanduku ya pembeni, chini na mbele kadiri inavyowezekana, kushoto na kulia vilingane. Juu weka koti la mvua.

Ombi langu kwenu Mhariri ni kwamba mnapoandika habari za vyombo vya moto mnaandika sana vipya, na sawa, vina wasomaji wake. Lakini wanaoendesha vya zamani ni wengi na wanaumia kwa kukosa maelezo. Mngetafuta fundi mmoja mzoefu awe anaeleza jambo moja moja kwa picha, beringi wiki hii, sili wiki ijayo, watu wangekata na kubandika ukutani gereji. Na mafundi nao nawaomba, kukagua ni kazi, wekeni bei ya kukagua na sisi tuilipe bila kunung'unika, maana fundi asiyelipwa kukagua lazima atafute faida yake kwenye kuuza spea. Badilisheni kitu kimoja, jaribu, andika kilichobadilika, ndo mwende kingine. Ukibadilisha tairi, oili na beringi siku moja pikipiki ikapona hujui ilikuwa inaumwa nini, na ikizidi hujui umeiharibu wapi.

Wenu,
Msomaji na mpanda pikipiki za safari